Mfupa wa Ngamia, Kufuli la Simu na Binti Yangu

Mwaka juzi, kwa muda wa miezi miwili, nilikuwa nasoma simu ya binti yangu akiwa amelala. Alikuwa na miaka 14, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Simu yenyewe ilikuwa yangu ya zamani. Laini imesajiliwa kwa jina langu na kwa kitambulisho changu cha NIDA, kwa sababu kitambulisho hicho hupewa aliyetimiza miaka 18. Bando nalipa mimi. Nikajiambia: simu yangu, laini yangu, mtoto wangu. Nani wa kuniuliza?

Usiku mmoja nikakuta ujumbe wa mtu aliyehifadhiwa kwa jina la "Kaka". Anamtumia vocha. Anamsifia. Mwisho anaomba picha, "ya kawaida tu, usimwambie mtu." Nilikaa sebuleni mpaka adhana ya alfajiri. Na hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo sikulitegemea kabisa: nilikuwa najua kila kitu na siwezi kusema lolote. Nikifungua mdomo, swali la kwanza litakuwa nimejuaje.

Mimi ni mtu wa vitabu, na mtu wa vitabu akikwama hukimbilia rafuni. Nilitaka kujua waliotutangulia walifanyaje. Maana tunazungumza kana kwamba hofu hii ilishuka na simu janja, wakati kila kizazi cha pwani na bara kimewahi kuwa na chombo chake cha kuhofia. Wajukuu wetu nao watakuwa na chao.

Kalamu iliyokatazwa

Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Wengi tunamjua kwa jina lake la baadaye, Emily Ruete, na kwa kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anaeleza kwamba mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hapana. Kalamu ilikuwa ya wavulana. Ukiwauliza wazee sababu ya desturi kama hiyo, wapo watakaokujibu bila kuzunguka: msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume. Badilisha neno "kuandika" uweke "WhatsApp", utaona ni kikao cha wazazi cha juzi tu.

Basi Salme alifanya nini? Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ule mpana kama ubao, akawa anaiga juu yake herufi za Kurani, moja baada ya nyingine, mpaka mkono ukakubali. Alijifundisha mwenyewe, kwa siri.

Baba yake alifariki mwaka 1856. Watoto wakagombana. Mwaka 1859 Barghash alipopanga kumpindua kaka yake Majid, njama ile ilihitaji mtu wa kuandika barua, naye akapatikana humo humo ndani: Salme, msichana wa miaka kama 15. Uasi ulishindwa na Barghash akapelekwa Bombay.

Sisemi kwamba angefundishwa kuandika hadharani asingeingia kwenye njama. Ugomvi wa wale ndugu ulikuwa na mizizi yake. Ninachokiona mimi ni kidogo zaidi ya hapo. Katazo halikumzuia kuandika. Lilichozuia ni mtu mzima yeyote kujua kwamba anaandika, anaandika nini, na anamwandikia nani. Waliofunga mlango walijifungia wenyewe nje.

Sasa linganisha na jambo lililotokea karibu miaka hiyo hiyo, kaskazini zaidi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Pate, alitunga utendi wa beti mia na kidogo kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na inasemekana alifariki miaka miwili baadaye. Yapo mengi katika utendi ule ambayo binti wa leo atayabishia, hasa habari za utii kwa mume, na mimi binti yangu akiyabishia sitamzuia. Lakini tazama alichokifanya yule mama. Alijua hatakuwepo kumchunga mwanawe. Jicho lake lingefumba. Kwa hiyo akaamua kumwachia maneno, kwa jina lake, waziwazi, ayabebe popote atakapokwenda. Simwoni kama mpole kuliko wazee wa jumba la Mtoni. Nadhani alikuwa na muda mfupi tu, na mtu mwenye muda mfupi hajidanganyi kwamba atalinda kila mlango.

Barua iliyofunguliwa

Kizazi cha wazazi wangu kilichungwa kwa njia ya posta. Huku kwetu barua haziletwi nyumba kwa nyumba kama Ulaya. Zinakwenda kwenye sanduku, S.L.P., na mtoto hana sanduku. Barua ya mwanafunzi ilipitia sanduku la shule, ya binti ilipitia sanduku la kazini kwa baba au la kanisa. Mwenye ufunguo wa sanduku ndiye aliyekuwa mlinzi wa kila kitu.

Tena zile zilikuwa enzi za kupangiwa shule mbali. Mtoto wa Bukoba unaweza kumkuta Songea, wa Mtwara yuko Moshi. Mwaka mzima uzi wa pekee kati yake na nyumbani ni barua. Katika shule nyingi za bweni, hasa za wasichana, barua zilifunguliwa na mkuu wa shule au matroni kabla ya kumfikia mwenyewe. Iliyokutwa na maneno ya mapenzi, au bahasha inayonukia poda, ilisomwa mbele ya wenzako mstarini. Mwulize yeyote aliyesoma bweni miaka ile, atakucheka kwanza, halafu atanyamaza kidogo.

Na matokeo? Kila mtu alijifunza kuandika barua mbili. Ya kwanza ya posta, iliyojaa salamu na mitihani, ya kusomwa na wakubwa. Ya pili ilikwenda "kwa mkono", ikabebwa na mwanafunzi wa kutwa, na mpishi, na konda wa basi. Ile ya pili ndiyo iliyosema kweli. Ndiyo iliyosema mwalimu fulani ananisumbua. Ndiyo iliyosema naumwa, ndiyo iliyosema nina mimba. Hiyo ndiyo barua ambayo wazazi walihitaji kuisoma kuliko zote, na ilikwenda kwa mtu mwingine, mara nyingi kijana wa umri ule ule asiyejua la kufanya.

Tofauti na mimi, matroni hakuwa mwizi. Watoto walijua barua zinasomwa. Hilo nampa. Kosa lilikuwa kwamba aliyesoma alisoma ili aadhibu, basi. Mtoto hakuwa na sababu hata moja ya kumpelekea shida yake kwa hiari.

Kufuli na kubipu

Miaka ya themanini na tisini, nyumba yenye simu ya mezani ilijulikana mtaa mzima. Mnaokumbuka zile simu za kuzungusha namba mnakumbuka na kile kikufuli kidogo. Baba anakitia kwenye tundu la namba ili kidude kisizunguke, anaondoka kazini na ufunguo mfukoni, roho yake nyeupe.

Kumbe simu ile ilikuwa inahesabu mikatiko ya umeme tu. Ukizungusha 4, waya unakatika na kuunga mara nne. Na kile kitufe kinachobonyea ukitua mkono wa simu nacho hukata waya ule ule. Basi watoto wakagundua: ukigonga kitufe mara nne haraka haraka, umepiga 4. Ukipumzika kidogo ukagonga mara saba, umepiga 7. Namba nzima inakwenda na kufuli limebaki pale pale linang'aa. Nani aliwafundisha? Hakuna. Bili ikija, baba anaapa kwamba posta na simu ni wezi.

Simu ya mkononi ilipoingia Tanzania, kampuni ya kwanza ikiwa Mobitel mwaka 1994, na baadaye kusambaa hasa baada ya 2000, mlinzi mpya alikuwa bei. Vocha ilikuwa ghali. Mzazi alijua mtoto hawezi kuzungumza sana kwa sababu hana salio. Vijana wakajibu kwa kubipu. Bipu moja: nimefika. Mbili: toka nje. Tatu: usije, baba yupo. Lugha nzima iliyokuwa haina hata neno moja, haina gharama, na hakuna cha kusoma hata ukiipekua simu usiku kucha.

Ukiyapanga haya kwa mstari, mfupa wa ngamia, barua ya mkono, kitufe cha simu, bipu, unaona kitu kile kile. Kila kizazi cha wazazi kilifunga chombo. Kila kizazi cha watoto kikapita pembeni ya chombo. Na kila mara yule aliyebaki hajui ni mzazi.

Safari hii hatari ni kweli

Hapa mtu anaweza kunikata kauli: kwa hiyo tuwaache? Hapana, bwana. Ipo tofauti kubwa kati ya barua na simu ya leo, na ni ujinga kuificha. Barua ya mapenzi ilitoka kwa mtu wa shule ya jirani, mwenye jina na kijiji. Simu inamleta chumbani mtu yeyote kutoka popote, usiku wa manane, akiwa na picha isiyo yake na umri usio wake. Picha moja ikishatumwa hairudi. Anayeipata anaweza kuigeuza kamba ya kumvutia mtoto: tuma nyingine, tuma hela, la sivyo naisambaza.

Lakini tusidanganyike pia kuhusu huyo "mtu wa mtandaoni". Ripoti ya utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF kuhusu Tanzania, iliyotoka mwaka 2022, inaonyesha kwamba anayemdhuru mtoto kwa njia ya mtandao mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Inaonyesha pia kwamba watoto wengi hawafiki polisi wala kwenye namba za msaada. Wakisema, wanamwambia rafiki au ndugu. Swali basi linageuka. Badala ya kuuliza "nitaonaje anachokiona", inabidi niulize "akikutana nacho, atamwambia nani?"

Sheria nayo ina neno. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao una ibara yake ya 16, inayosema mtoto naye ana faragha na barua zake haziingiliwi kiholela. Mkataba huo huo unawapa wazazi wajibu wa kuongoza, kwa kadiri uwezo wa mtoto unavyokua. Yaani wa miaka 8 si wa miaka 16. Kamba unaishika, na kila mwaka unailegeza kidogo.

Zana zenyewe zinatofautiana kwa jambo moja kubwa. Ipo kama Family Link ya Google, iliyoanza mwaka 2017: inaweka kikomo cha saa, inataka idhini yako kabla ya mtoto kupakua programu, inaonyesha simu iko wapi. Haikusomei ujumbe, na mtoto anajua kwamba ipo. Halafu zipo programu za kupeleleza, zinazojificha ndani ya simu na kunakili kila kitu kwenye kompyuta za kampuni usiyoijua. mSpy, mojawapo ya hizo, ilivujisha taarifa za wateja wake mwaka 2015 na tena 2018. Mzazi anamlinda mtoto asionwe na wageni kwa kukabidhi maisha ya mtoto kwa wageni.

Aliyekuwa anajua

Nirudi nyumbani. Wiki moja baada ya ule ujumbe, nilipekua tena nikakuta mazungumzo ya "Kaka" yamefutwa yote. Moyo ukapiga. Nikaamini ameshakubali, sasa anaficha. Siku hizo nikawa mkali bila sababu inayosemeka. Nikamgombeza kwa vyombo, kwa kuchelewa dakika kumi, kwa sketi. Yeye akawa ananitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya lugha nyingine.

Mwishoni nikampigia dada yangu. Nikamweleza kwa mzunguko mrefu. Akanisikiliza, halafu akasema, "Ameshaniambia. Tangu Jumapili ile mlipokuja. Tulikuwa tunachambua mchele. Tumembloki huyo mtu palepale."

Nilikuwa nimesoma kila neno lililokuwa kwenye simu ile, na neno la maana kuliko yote halikuwemo. Lilisemwa kwa mdomo, juu ya ungo, kwa shangazi.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho historia yote ile ya makufuli ilikuwa imenifunika. Wazee wa pwani hawakuwa na kalamu iliyokatazwa tu. Walikuwa pia na somo. Binti alipovunja ungo alikabidhiwa kwa mwanamke mzima, somo au kungwi, ambaye kwa kawaida si mama yake. Huyo ndiye aliyemfunza mambo ya mwili na ya ndoa, na huyo ndiye aliyeulizwa yasiyoulizika kwa mama. Baganda wana ssenga, ambaye ni shangazi mtu. Kwingine ni bibi. Waliokubuni mpango huo walielewa jambo nililokuja kulijua kwa aibu: mtoto hawezi kumweleza kila kitu mtu anayemwadhibu, na mzazi hawezi kuacha kuadhibu. Kwa hiyo pawepo mtu wa tatu. Sidai kwamba mafunzo yote ya unyago yalikuwa mema, mengine tumeyaacha kwa haki. Ila nafasi yenyewe, ule mlango wa pembeni uliowekwa makusudi na wakubwa, tuliubomoa tukahamia mjini, kila mtu na geti lake, kisha tukamwachia simu ndiyo iwe somo.

Kwa binti yangu ule mlango ulibaki kwa bahati, kwa sababu tu dada yangu anakaa mtaa wa tatu.

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba nimekuwa nasoma simu yake, tangu lini, na kwamba nilikosea kuifanya kwa kujificha. Alikaa kimya. Halafu akauliza, "Na za Mariamu ulisoma?" Za rafiki yake. Si Kaka aliyemuumiza. Ni kwamba siri za mwenzake, alizoapa kuzitunza, zilikuwa zimepitia macho yangu. Nilisema ndiyo. Akainuka akaenda chumbani, na siku nne hatukuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba.

Baadaye tulikaa, shangazi yake akiwepo, tukawekeana mambo. Neno la siri nalijua, naye anajua ninalijua, na nikitaka kuangalia naomba, tunaangalia tumekaa pamoja. Mazungumzo ya rafiki zake siyafungui. Saa tatu usiku simu zote zinalala sebuleni kwenye chaji, na yangu ikiwemo. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma, na ndilo aliloliamini haraka. Mdogo wake wa miaka 9 ana ile programu ya wazi, na anajua kazi yake. Siku nikiona maisha yake yako hatarini nitaingia bila kuomba, lakini nitamwambia siku hiyo hiyo.

La muhimu kuliko yote ni hili: mtu yeyote akiomba picha, au hela, au akisema "usimwambie mtu", aniambie mimi au shangazi au apige 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Na akisema, hanyang'anywi simu. Nimeapa. Kwa sababu nilipomwuliza kwa nini hakuja kwangu, jibu lilikuwa fupi: "Ungechukua simu." Kweli ningeichukua. Adhabu ya kusema ilikuwa kubwa kuliko adhabu ya kunyamaza, na mimi ndiye niliyeipanga hivyo. Tumejifunza pia kutofuta haraka: ujumbe wa mtu kama yule unapigwa picha ya skrini kwanza, kisha ndiyo anablokiwa, maana ushahidi ukifutika hakuna pa kuanzia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Siku zote nilidhani methali ile inamsema anayeficha. Siku hizi naisikia ikimsema na mkunga: je, ni mtu ambaye unaweza kumfunulia?

Miezi kadhaa imepita. Nikiingia chumbani bado kuna nyakati anaigeuza simu kifudifudi. Wiki iliyopita, hata hivyo, alikuja jikoni mwenyewe, akaniwekea simu mbele ya sahani. Namba ngeni, salamu tu, "mambo mrembo". Akaniuliza, "Baba, huyu unamfahamu?" Simfahamu. Tukapiga picha ya skrini, tukambloki, tukaendelea kula.